Hesabu Mbili za Hadithi Moja

Kiswahili kimetupa neno zuri kwa kitu ambacho darasani bado tunakiita ploti. Neno hilo ni msuko. Ukilisikia haraka unaweza kudhani ni istilahi tu ya vitabu vya fasihi, ndugu wa muundo na mtindo, yale mambo tuliyokariri kidato cha tatu: msago ni matukio ya moja kwa moja, rejea ni ya kurudi nyuma, changamano ni ya kuchanganya. Lakini msuko umetoka kwenye kusuka, na kusuka nimekuona tangu sijajua kusoma, kwa sababu shangazi yangu ni msusi.

Shangazi hasuki kabla hajauliza. Mteja akikaa kwenye mkeka, swali la kwanza ni "tunasuka nini?" na la pili ni "unakwenda wapi?", maana nywele za harusi si nywele za kufungua shule. Akishajibiwa, anachukua kitana chenye mkia na kuanza kugawa: mstari wa kwanza kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni, wa pili pembeni yake, wa tatu. Kabla hajasuka hata unywele mmoja, kichwa kizima kimeshachorwa. Ukigawa vibaya, huwa ananiambia, hata usuke vizuri namna gani, kichwa kitakwenda upande, na dawa ya kichwa kilichokwenda upande ni kufumua.

Upo msuko mmoja unaoitwa twende kilioni. Ni mistari minene inayolala kuelekea nyuma, haina madoido, inamalizika upesi. Jina linajieleza: kuna msiba, watu wanaondoka, nywele zifungwe basi. Anayesuka twende kilioni hana haja ya kufikiri sana. Mwisho wa safari unajulikana.

Mimi nimekaa na kitana mkononi kwa miezi kadhaa sasa. Nasoma shahada ya uzamili, na kazi yangu ya kuhitimu ni riwaya fupi pamoja na sura moja ya kuieleza. Msimamizi wangu, mtu mpole anayesoma kila mstari, aliniomba ukurasa mmoja tu kabla sijaandika sura ya kwanza. Alitaka mpango wa msuko: mwanzo, kati na mwisho. Hasa mwisho. Ukijua unakokwenda, aliniambia, njia utaipata. Ni ombi la kawaida kabisa. Ila hadithi ninayotaka kuiandika ni ya baba yangu mdogo, na kwetu hakuna anayejua mwisho wake.

Yanayojulikana ni machache. Baba Mdogo alizaliwa Tanga, Ngamiani, katika nyumba ambayo Bibi anaishi mpaka leo. Alifanya vibarua bandarini. Mwaka 1997 aliaga kwamba anakwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Mwaka 1999, mwaka niliozaliwa mimi, ilikuja barua yenye stempu ya Afrika Kusini. Yuko Durban, mzima, anamsalimia kila mtu kwa jina. Ndani ya bahasha kulikuwa na picha, amevaa koti kubwa kuliko yeye. Alikuwa amezamia meli. Mwaka 2001 alipiga simu dukani kwa jirani, Bibi akaitwa, akakimbia bila viatu, wakazungumza mpaka simu ikakatika. Basi. Barua moja, picha moja, simu moja.

Kwa wasiokulia karibu na bandari, kuzamia ni kujificha ndani ya meli bila tiketi wala hati, ukitumaini kwamba ukionekana mtakuwa mmeshafika mbali, na kwamba walioko ndani ni watu wenye huruma. Vijana wengi wa pwani yetu wamepita njia hiyo. Mwaka 2016 mwandishi wa habari Sean Christie alichapisha kitabu kiitwacho Under Nelson Mandela Boulevard, kinachohusu Watanzania wanaoishi kandokando ya bandari ya Cape Town wakivizia meli. Nilikisoma kwa kidole, kama mtu anayetafuta jina lake kwenye ubao wa matokeo ya mtihani. Sikulikuta.

Siku nilipomwambia Bibi kwamba nimechaguliwa kusoma uzamili, alinitazama kwa muda.

"Uzamili," akarudia. "Na wewe unazamia wapi, mke mwenzangu?"

Tulicheka wote wawili. Yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Darasani kwetu suala la kupanga limetugawa makundi mawili. Rafiki yangu mmoja ana jedwali lenye safu saba kwenye kompyuta yake: sura, mahali, nani yupo, nani anajua nini, nani anadanganya, hali ya hewa, na neno la mwisho la sura. Mwingine hapangi kitu. Anasema wahusika wakishapata uhai watampeleka wenyewe, na kwamba akiujua mwisho anapoteza hamu ya kuandika. Wote wawili wanaandika vizuri, kwa hiyo ubishi hauishi.

Ukitazama vitabu vyetu wenyewe, utaona kwamba hadithi nyingine zinadai mpango. Muhammed Said Abdulla aliandika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya upelelezi iliyochapishwa mwaka 1960. Ni vigumu kufikiri kwamba angemtuma Bwana Msa na kiko chake kumtafuta muuaji ambaye mwandishi mwenyewe hamjui. Hadithi ya upelelezi husukwa kutoka mwisho kuja mwanzo: kwanza nani kaua, ndipo alama gani zidondoshwe njiani ili msomaji azipite bila kuziona. Shaaban Robert naye, katika Kusadikika ya mwaka 1951, hafichi mistari aliyoigawa. Karama anasimama mbele ya baraza na kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Kila mmoja anarudi na mambo ya kuifaa nchi yake, na kila mmoja anaadhibiwa. Ukishasoma safari mbili unajua ya tatu itakwendaje, na uchungu wa kitabu uko hapo hapo, katika kujua.

Lakini wajumbe wote wa Kusadikika wanarudi. Wasafiri wa ngano tulizosimuliwa nao hurudi. Hata waliomezwa na zimwi hutoka, tumbo likapasuliwa, kijiji kikacheza ngoma. Msuko wa msafiri tuliourithi una kwenda na kurudi. Hauna mahali pa kumweka mtu aliyekwenda tu.

Aliyenikaribia zaidi ni Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Katika Afterlives, riwaya yake ya mwaka 2020, kijana anayeitwa Ilyas anamwacha dada yake Afiya, anakwenda kupigana katika jeshi la Wajerumani, na harudi. Kitabu kinaendelea miaka na miaka bila yeye. Watu wanaoana, wanazaa, wanauguzana, na nafasi yake inabaki kama kiti ambacho hakuna anayekikalia. Mwishoni mpwa wake, aliyepewa jina lake, anafika Ujerumani, anafuatilia kwenye kumbukumbu, na anajua kilichompata. Sitakisema, huenda hujakisoma. Nilipokifunga kitabu nilimshukuru mwandishi, kisha nikamwonea wivu mpwa. Yeye alipata jalada. Askari huandikwa mahali. Mzamiaji, kazi yake ya kwanza ni kutoandikwa popote.

Basi nikakaa na ukurasa wangu mtupu, na nikaona kwamba ni karatasi nzito kuliko inavyoonekana. Kuandika "mwisho: amekufa" ni kazi ya sekunde mbili. Nyumbani kwetu sekunde hizo mbili zimeshindikana kwa miaka zaidi ya 20. Baba yangu anaamini mdogo wake alikufa zamani, labda baharini, labda mtaani. Anataka isomwe hitima ili Mama yake apumzike. Shangazi anaamini kaka yake yuko hai, ana mke wa Kixhosa na watoto wasiojua Kiswahili, na kinachomzuia ni aibu ya kurudi mikono mitupu. Kila mmoja ana msuko wake uliokamilika, wenye sababu na matokeo, na ukimsikiliza peke yake utamwamini. Wakikutana siku ya Idi hawaligusi jambo hilo. Kwenye hitima ya Babu, majina ya marehemu wa ukoo yalisomwa moja baada ya jingine, na mimi, nikiwa na miaka 15, niliwaona wote wawili wakisikiliza kama yatamfikia yeye. Hayakumfikia.

Kwa hiyo mwisho wowote nitakaouandika utakuwa umekaa upande wa mmoja wao. Chuoni utapewa alama. Ngamiani utapewa maana.

Likizo iliyopita tulikuwa tukichambua mchele uani. Bibi akauliza, bila kuinua kichwa:

"Umemfanyaje mwanangu huko kwenye kitabu chako?"

"Sijamfanya kitu, Bibi. Ndiyo kwanza napanga."

"Unapanga nini?"

"Napanga yatakayotokea."

Alitoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa.

"Sikukatazi kuandika," akasema. "Ila usinitangulie."

Nimelifikiria neno hilo kuliko nadharia yoyote niliyosoma muhula ule. Kupanga msuko ni kutangulia. Mwandishi anafika mwisho kabla ya wahusika wake, anatazama palivyo, kisha anarudi kuwachukua na kuwaongoza huku akijifanya hajui. Kwa wahusika wa kubuni hiyo ni haki yake. Bwana Msa hana mama anayesubiri. Bibi yupo, anasubiri, na kwa kusubiri kwake anashikilia kitu ambacho sina ruhusa ya kukifumbua kwa ajili ya shahada. Wakati huo huo sikuweza kujiunga na wale wasiopanga kitu. Nilijijua. Nikianza bila mistari, kalamu ingeteleza yenyewe kwenye twende kilioni, kwa sababu ndio msuko rahisi: meli, dhoruba, barua ya mwisho, machozi.

Jibu nilikuta limeshaandikwa nyumbani, kwenye karatasi ya mirathi.

Babu alifariki mwaka 2014. Wazazi wake walishatangulia mbele ya haki. Aliacha mke, watoto watatu na nyumba. Shehe aliyeitwa kugawa alikutana na tatizo langu miaka mingi kabla yangu, kwamba mrithi mmoja hajulikani alipo. Katika sheria ya Kiislamu mtu wa namna hiyo huitwa mafkudi, na wanazuoni waliweka utaratibu wake zamani. Hesabu hupigwa mara mbili. Mara ya kwanza unamhesabu kuwa yu hai. Mara ya pili unamhesabu kuwa alikufa kabla ya marehemu. Kisha kila mrithi aliyepo anapewa fungu lake lililo dogo kati ya hayo mawili. Kinachobaki hakigawiwi. Kinawekwa mpaka habari ijulikane, au mpaka kadhi atoe hukumu.

Karatasi ile ipo, kwa mwandiko wa shehe. Akiwa hai, mali inakatwa mafungu 40. Bibi anachukua thumni yake, yaani 5. Baba 14, Baba Mdogo 14, Shangazi 7. Akiwa amekufa, Bibi anachukua thumni ile ile, na inayobaki wanagawana Baba na Shangazi, Baba akipata mara mbili ya dada yake, kwa hiyo mafungu yao yote mawili yanakua. Wakapewa yale madogo: Baba 14, Shangazi 7. Mafungu 14 yakawekwa. Na kwa kuwa nyumba haikatwi kwa kisu, wote walikubaliana kwamba vyumba viwili vya uani vihesabiwe kuwa ni hayo. Vimepangishwa. Kodi yake haimhusu mtu.

Nilikuwa nimeiona karatasi hiyo mara nyingi kama hesabu. Safari hii niliisoma kama mwandishi. Shehe hakujua mwisho, na hakuacha kupanga. Hakusema tungoje, wala hakubahatisha ili watu waridhike waende nyumbani. Aliipeleka kila dhana hadi mwisho wake, kisha akachukua kile tu ambacho dhana zote mbili ziliruhusu. Alijua sana kiasi gani hajui, kiasi cha kukiandika kwa tarakimu: 14.

Nikachukua karatasi mbili. Kwenye ya kwanza nikapanga msuko wa Shangazi, yuko hai. Kwenye ya pili nikapanga wa Baba, alikufa mwaka mmoja baada ya simu. Nilimpa kila mmoja haki yake, nikaandika kana kwamba ndio ukweli pekee, na ilinichukua wiki tatu. Msuko wa kwanza ulifika matukio 22, wa pili 19. Kisha nikazilaza karatasi sambamba na kupiga mstari chini ya kila tukio lililomo kote kuwili.

Yalibaki 11.

Yaliyoanguka ndiyo yale niliyokuwa na hamu nayo zaidi. Chumba cha injini na joto lake. Mabaharia wakimkuta nyuma ya makontena. Mke wa Kixhosa anayejifunza kusema "karibu chakula". Uwanja wa ndege, mzee mwenye mvi anayesita kumkumbatia mama yake. Niliyaona yote kama filamu, na yote yalitokea mahali ambapo sijawahi kukanyaga. Yaliyobaki yalikuwa madogo. Bibi akikimbia dukani bila viatu na kurudi akitembea polepole. Baba akienda bandarini kila meli kutoka kusini inapotia nanga, akiwauliza mabaharia kwa Kiingereza cha darasa la saba. Shangazi akiacha kusuka katikati ya kichwa cha mteja kwa sababu redio imetaja Durban. Picha ya koti, iliyotoka ukutani ikaenda kabatini, ikarudi ukutani, na hakuna anayekiri aliyeihamisha. Orodha ya majina kwenye hitima.

Nikairudia karatasi ya shehe na kuona kitu kilichokuwa mbele yangu siku zote. Ukimhesabu mwanawe kuwa hai, Bibi anapata 5. Ukimhesabu kuwa amekufa, anapata 5. Ni yeye tu ambaye fungu lake halibadiliki. Kila tukio kati ya yale 11 lilimgusa yeye, au lilitokea kwa sababu yake. Nilidhani napanga hadithi ya mtu aliyeondoka. Mhusika mkuu alikuwa amekaa uani anachambua mchele.

Najua utakachoniambia. Utasema kazi ya hadithi ni kubuni, kwamba mwandishi asiyethubutu kuingia kwenye meli abaki kuwa karani wa mirathi. Nakubali kwamba Gurnah asingefika alikofika kwa hesabu za namna hii, na ipo siku nitataka kuingia kwenye chumba cha injini. Njia hii haifai kila hadithi. Ukiandika ya upelelezi, tafadhali mjue muuaji. Lakini kama unaandika juu ya watu walio hai ambao bado hawajafika mwisho wao, panga misuko miwili inayokanushana, utazame ni nini kinasimama katika yote miwili. Kinachosimama ni chako, kiandike. Kilichobaki usikitupe. Mimi matukio yangu yaliyoanguka nimeyahifadhi kwenye faili, na faili hilo nimeliita 14.

Ukurasa wa msimamizi niliupeleka mwezi uliopita. Aliusoma mara mbili, kisha akauliza swali ambalo nililitarajia: msomaji hatajisikia kwamba umemnyima? Nikasema atajisikia hivyo, na kwamba kwetu hiyo ndiyo hali ya kila siku. Alinyamaza, akachukua penseli, akaandika maneno mawili pembeni mwa mwisho wangu: "Asidhani umesahau." Ni shauri zuri. Kunyamaza kwa makusudi lazima kusikike, la sivyo msomaji atadhani kurasa zimechomoka.

Baba na Shangazi bado hawajausoma mpango. Huenda kila mmoja atajiona ndani yake, huenda wote wataona nimewatoroka. Sijui, na hilo nalo haliwezi kupangwa.

Mwisho wenyewe, kama ulivyo kwenye ule ukurasa, ni tarehe moja ya mwezi wowote. Mpangaji wa uani anapiga hodi. Bibi anazihesabu noti, anazikunja, anatoa daftari chini ya godoro. Anaandika mwezi, anaandika kiasi, na mbele yake anaandika jina la mwanawe, lote, hadi la babu yake, kama mtu anayejaza fomu. Tukio hilo limo katika hesabu zote mbili, na sikuhitaji kulibuni. Limetokea kila mwezi tangu mwaka 2014.

Wiki iliyopita alinipigia simu. Daftari limejaa, akasema, nikija nimletee jingine kutoka Dar. Nikamuuliza la ukubwa gani, kuna madogo na kuna kaunta buku.

"Kaunta buku," akasema. "Lile nene kuliko yote."

Bibi ana miaka 81.